Mzee na mwanga wa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaouguza nyumbani

Niliuguza mama yangu kwa miaka sita, na sasa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii jijini Dar es Salaam. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila wiki: ukumbini kwa watu, kwenye benchi la zahanati, hata msibani. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, nimekuelekeza pa kusoma.

## Mambo ya msingi

Sisi tunaishi nchi ya jua. Mzee wangu anawezaje kukosa mwanga?

Kwa sababu jua liko nje na yeye yuko ndani. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mzee akianza kuishiwa nguvu hupewa chumba cha nyuma, karibu na choo, asihangaike usiku. Nia ni njema kabisa. Lakini dirisha la chumba hicho mara nyingi linatazamana na ukuta wa jirani. Lina nondo, lina wavu wa mbu, na juu yake pazia zito ili wapita njia wasimchungulie. Miezi inapita, na mtu aliyelima au kuvua juani miaka hamsini anaishi kwenye giza la mchana.

Nilimtembelea bibi mmoja Magomeni, saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Binti yake akaniambia chumba kina mwanga wa kutosha, na kweli nilimwona bibi vizuri, hata maandishi ya kanga yake niliyasoma. Nikatoa simu, nikafungua programu ya kupima mwanga. Pale kichwa cha bibi kilipolala ilisoma laksi 38 (laksi ni kipimo cha wingi wa mwanga). Tukaenda barazani, chini ya bati, kivulini: 4,600. Binti alinyamaza, akaichukua simu, akarudi chumbani kupima mwenyewe.

Simu si kipimo cha maabara, lakini tofauti ya namna hiyo haihitaji maabara. Jua wazi la mchana hufika laksi 100,000 hivi. Siku ya mawingu, nje bado ni maelfu. Chumba kilichowashwa taa ya kawaida kina laksi 100 hadi 300. Sisi hatuoni tofauti hiyo kwa sababu jicho ni hodari wa kuzoea.

Huo mwanga unafanya nini hasa mwilini?

Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna fungu dogo la seli linaloendesha saa ya mwili. Hilo ndilo linaloamua mwili uchangamke lini, usikie njaa lini, joto lake lishuke lini na usingizi uje lini. Kwa watu wengi saa hiyo, ikiachwa gizani bila kusahihishwa, huchelewa kidogo kila siku. Kinachoisahihisha ni mwanga unaoingia machoni.

Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu, bali kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa hiyo. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa bluu, ule uliojaa angani mchana. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya seli. Mimi husema waliotuachia hesabu ya saa moja asubuhi, inayoanza baada ya jua kuchomoza, walikuwa wameshaujua mwili.

Kwa hiyo mwanga una milango miwili. Wa kwanza ni jicho: saa ya mwili, usingizi, uchangamfu, hisia. Wa pili ni ngozi: vitamini D, kwa ajili ya mifupa na misuli. Watu wengi huichanganya milango hii, na ndipo makosa yanapoanzia (soma sehemu ya vitamini D).

Kwa nini mzee aumie zaidi kuliko kijana?

Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na manjano huchuja bluu. Mboni nayo husinyaa. Mzee na mjukuu wakikaa kwenye benchi moja, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mzee ni sehemu ndogo tu ya ule wa mjukuu. Ana mahitaji makubwa zaidi, na ndiye tunayemfungia pazia.

Kuna ushahidi wowote, au ni maneno ya mtaani?

Upo. Uholanzi walichukua vituo 12 vya kulelea wazee, wakazi 189, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa kusahau, yaani dimenshia. Katika baadhi ya vituo taa za sebuleni ziliongezwa hadi karibu laksi 1,000 mchana kutwa. Vingine vikabaki karibu 300. Matokeo yalichapishwa 2008: kwenye mwanga mkali akili zilififia polepole kidogo zaidi, na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, zilipungua. Hakuna aliyepona, na tofauti haikuwa kubwa. Ila kumbuka kwamba laksi 1,000 hazifiki robo ya baraza lile la Magomeni.

Pittsburgh, Marekani, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mgongo walilazwa wengine upande wa jua na wengine upande wenye kivuli cha jengo jingine. Waliokuwa upande wa jua walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22 kwa kila saa. Na Uingereza, uchunguzi wa watu zaidi ya 400,000 uliotoka 2021 uliona kwamba kadiri mtu anavyokaa nje muda mrefu zaidi mchana, ndivyo sonona inavyopungua na usingizi unavyokuwa afadhali. Huo wa mwisho haukati shauri peke yake, kwa kuwa mwenye afya ndiye anayeweza kutoka. Ukiuweka pamoja na ile mingine, mwelekeo ni mmoja.

## Saa ngapi, muda gani, wapi

Nimtoe saa ngapi?

Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Huo ndio mwanga unaoshika saa ya mwili vizuri, na jua bado halijawa na ukali wa kumuumiza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipovalishwa vipimo vya mwanga mkononi, katika utafiti uliochapishwa 2015, ilionekana wanapata mwanga mwingi kuliko wakati wote asubuhi, na jua likifika utosini wanajisogeza kivulini. Hakuna daktari aliyewaelekeza.

Huna haja ya kutazama saa. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado ni la upole. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mwingize mzee chini ya mti au barazani. Dar na pwani nzima, miale ya urujuanimno (ile inayounguza ngozi) ya adhuhuri hufika 11 na zaidi kwenye kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kiwango wanachokiita cha kupindukia.

Wapo wazee ambao tatizo lao ni kulala mapema mno: saa moja jioni wameshajifunika, saa nane usiku macho makavu. Hao wape pia mwanga wa alasiri, saa kumi na nusu hadi karibu na magharibi. Mwanga wa jioni huchelewesha usingizi kidogo.

Dakika ngapi?

Anza na kumi ikiwa amekaa ndani muda mrefu. Lenga nusu saa, na kama anafurahia, saa nzima. Kila siku dakika ishirini ni bora kuliko Jumapili moja ya kutwa nzima, maana saa ya mwili husahihishwa kila siku. Usitegemee mabadiliko baada ya siku mbili. Mimi huwaambia watu wape wiki mbili, wakiandika kwenye daftari saa aliyolala na mara alizoamka usiku.

Akikaa kivulini anapata kitu?

Anapata karibu kila kitu ambacho jicho linahitaji. Chini ya mwembe au mwarobaini, anga ikiwa inaonekana pembeni, mwanga ni maelfu ya laksi. Hakuna sababu ya kumkalisha mzee juani akitiririka jasho. Muhimu uso wake uelekee kwenye uwazi, usielekee ukuta. Na asilitazame jua lenyewe hata kidogo.

Dirishani je?

Dirishani ni afadhali kuliko kitandani, mradi awe karibu, si zaidi ya hatua moja. Mwanga hupungua haraka ukisogea ndani. Kiti kilicho upande wa pili wa chumba hakipati hata sehemu ya kumi. Fungua pazia, futa vumbi kwenye wavu (vumbi la wavu ni pazia la pili). Ila kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D, kwa hiyo kwa mifupa dirisha lililofungwa halisaidii.

Masika tunafanyaje?

Barazani, mgongo ukutani, shuka begani. Mawingu hayazimi siku.

## Vitamini D na ngozi

Si ndiyo jua la asubuhi lenye vitamini D?

Hili nalisikia kila kliniki, hata kwa akina mama wenye watoto wachanga, na nalisahihisha kwa upole. Jua la asubuhi sana ni zuri kwa saa ya mwili, lakini miale inayotengeneza vitamini D ni michache wakati kivuli ni kirefu. Huongezeka kivuli kinapokaribia urefu wako, kwenye saa tatu na nusu. Kwa ajili ya mifupa, mzee anaweza kuachiwa mikono na miguu wazi kwa muda mfupi wakati huo, mara kadhaa kwa wiki, kisha kivulini. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Na ngozi ya uzeeni hutengeneza chini ya nusu ya ile ya ujanani, kwa jua lilelile.

Uwezo wa jua letu tunaujua. Wamasai na Wahadzabe waliopimwa damu hapa Tanzania, katika utafiti uliotoka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, zaidi ya mara mbili ya 50 inayotajwa kwa kawaida kuwa inatosha. Hao ni watu wanaoshinda nje. Mzee wa chumba cha nyuma hafanani nao, hata kama wote ni Watanzania.

Mama anavaa baibui na hatoki bila kujifunika. Tumfanyeje?

Baibui haizuii mwanga wa macho, hata akivaa nikabu. Akikaa barazani amejistiri, saa yake ya mwili inapata haki yake yote.

Kwa ngozi, uani ndiyo mahali pake. Nyumba yenye ukuta au makuti inampa nafasi ya kukunja mikono hadi kwenye viwiko na kuacha miguu wazi, bila macho ya watu. Kwa wenzetu wa Oman na nchi za Ghuba, ambako joto huwafungia watu ndani ya viyoyozi, upungufu wa vitamini D ni wa kawaida sana ingawa jua linawaka mwaka mzima. Wanaoishi huko na wazee wao wamuulize daktari kuhusu kupima.

Nimnunulie vidonge?

Kwa mzee asiyetoka kabisa, vidonge vya kiasi ni jambo la busara. Kwa walio juu ya miaka 70 Marekani wanapendekeza uniti 800 kwa siku. Muulize mfamasia au daktari kwanza, hasa akiwa na ugonjwa wa figo au mawe kwenye figo. Jihadhari na dozi kubwa ya mara moja. Australia walijaribu kuwapa wanawake wazee uniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, na waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo hayo yalitoka 2010.

Chakula husaidia: dagaa, vibua, jodari, kiini cha yai. Lakini kidonge hakiingii kwa mlango wa jicho. Mzee anayemeza vitamini D gizani bado yuko gizani.

## Usingizi na kusahau

Babu anasinzia mchana kutwa, usiku anazunguka nyumba nzima. Ni uzee tu?

Uzee hupunguza usingizi mzito, lakini kugeuza usiku kuwa mchana kuna sababu zaidi. Saa yake haina cha kuishika: mchana wa laksi hamsini na usiku wa taa ya ukumbini inayowaka hadi asubuhi ni karibu kitu kimoja. Mtofautishie. Asubuhi nje, mchana kwenye mwanga, usingizi wa mchana usizidi nusu saa na usivuke saa tisa alasiri, usiku giza.

Kabla ya hapo hakikisha hakuna jambo jingine: maumivu, kukojoa mara kwa mara, sukari iliyopanda, dawa mpya. Mabadiliko ya ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni ya kupeleka hospitali, si ya kutibu kwa jua.

Jioni ikifika anachanganyikiwa, anataka "kwenda kwao" wakati yuko kwake. Kwa nini wakati huo?

Hii ni dalili inayojulikana kwa wenye ugonjwa wa kusahau. Uchovu wa siku, saa ya mwili iliyolegea, na vivuli vinavyomdanganya macho hukutana kwa pamoja. Kwetu kuna jambo la ziada: karibu na ikweta machweo ni mafupi. Jua likizama, ndani ya dakika ishirini hivi giza limeingia. Mwenye akili timamu anawasha taa bila kufikiri. Aliyechanganyikiwa anaona dunia imebadilika ghafla.

Washa taa kabla ya adhana ya magharibi, usingoje giza. Funga pazia wakati huo, ili asione sura yake kwenye kioo akadhani ni mgeni. Usibishane naye kuhusu "kwao". Muulize habari za huko. Mama yangu alikuwa anataka kwenda Pangani kila jioni. Nilipoacha kumwambia "hapa ndipo nyumbani, mama" na kuanza kumuuliza nani anatungojea Pangani, alikuwa anakaa, ananisimulia, anasahau kusimama. Na siku alizokaa barazani asubuhi, Pangani ilichelewa kuja, siku nyingine haikuja kabisa.

Taa ya usiku nizime yote? Ataanguka akienda choo.

Usizime yote. Weka taa ndogo ya manjano au nyekundu chini karibu na sakafu, njia ya kwenda choo, isimulike macho. Taa nyeupe ya darini na televisheni ndizo za kuzima.

## Macho, dawa na joto

Ana mtoto wa jicho. Mwanga wa nje utamdhuru?

Mwanga wa asubuhi na wa kivulini haumdhuru, ingawa unaweza kumkera kwa kung'aa. Kofia yenye ukingo itamsaidia. Jua kali la miaka mingi ndilo linalochangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota juu ya jicho. Mpeleke kliniki ya macho, maana lenzi iliyoziba humnyima mwanga hata akiwa nje, na ikibadilishwa anapata vyote viwili, kuona na mwanga wa kuiendesha saa yake. Baada ya upasuaji fuata maelekezo ya miwani meusi aliyopewa.

Kwa asiye na tatizo la macho, miwani ya jua asubuhi si lazima. Saa za jua kali, ndiyo.

Anatumia dawa za presha. Kuna hatari?

Baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi: haidroklorothayazaidi na frusemaidi za presha na maji mwilini, amiodaroni ya moyo, doksisaiklini, siprofloksasini, septrini, na klopromazini ya magonjwa ya akili. Asiache dawa. Akae kivulini, afunike mikono, na ukiona ngozi imekuwa nyekundu, inawasha au kutoa malengelenge, rudi kwa aliyemwandikia.

Dawa za kukojoza zina jambo la pili: zinamtoa maji, na mzee hasikii kiu kama zamani. Mwekee kikombe mkononi, si mezani.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

Kichwa kinamuuma, anaishiwa nguvu, kichefuchefu, maneno hayaelewani. Muingize kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe kwa maji ya kawaida, mpepee, na kama akili haijatulia mkimbize hospitali. Usimnyweshe maji mtu asiyejitambua. Mwili wa mzee hutoa jasho kidogo, kwa hiyo ngozi kavu isikutulize. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar, baada ya saa nne mimi simkalishi mzee nje hata kivulini, labda kuwe na upepo wa bahari.

Naogopa atanianguka njiani.

Ogopa, lakini usighairi. Mkalishe ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, maana presha hushuka ghafla. Angalia kizingiti, ngazi ya baraza na sakafu ya uani iliyolowa. Kandambili zilizolegea zitupe. Kiti kiwe na mikono, kizito. Kile cha plastiki chepesi kiegemeze ukutani.

## Wewe unayeuguza

Mimi sina ugonjwa. Mwanga unanihusu nini?

Unakuhusu sana, na ndilo swali ambalo watu huliuliza mwisho, wakiwa wamesimama mlangoni kuaga. Anayeuguza huingia kwenye chumba kilekile cha laksi 38 na kushinda humo. Anaamka usiku mara tatu. Asubuhi anafua, anapika, anabadilisha shuka, na jua analiona akianika nguo tu. Baada ya mwaka amenuna na hajui kwa nini. Anajiona hana subira, anajilaumu. Sisemi jua litamaliza hayo. Nasema mtu aliyenyimwa usingizi na mwanga kwa pamoja hawezi kuwa na subira, hata angekuwa mwema kiasi gani.

Mwaka wa tatu wa kumuuguza mama nilikuwa nalia nikichuja uji. Shangazi yangu, ambaye hakusoma, alikuwa akija saa moja asubuhi na kuniambia, "Toka, mwanangu, kazunguke." Nilikuwa nazunguka mtaa mara mbili, bila simu. Sikuwa najua habari za seli za jicho. Nilijua tu kwamba siku asipokuja shangazi, mchana ulikuwa mrefu.

Nikikaa na mzee barazani, ndiyo nimepumzika?

Umepata mwanga, hujapata mapumziko. Ni vitu viwili. Mkitoka pamoja asubuhi nyote mnafaidika, na usidharau hilo. Lakini unahitaji pia nusu saa ya nje ukiwa huna mtu wa kumtazama. Mwombe ndugu kwa jambo dogo lenye saa: badala ya "nisaidieni", sema "Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa moja na nusu, ukae na baba". Watu hushindwa msaada usio na mwisho, wa nusu saa huuweza.

Na kama anayeuguza kwa kweli ni dada wa kazi, haya yote ni yake. Kumtuma dukani si mapumziko.

Nalea wazee kwa zamu za usiku, Uingereza. Natoka kazini giza, naingia giza.

London mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Ukilala mchana, unaweza kumaliza wiki hujaona siku. Ukirudi kulala, vaa miwani meusi njiani na ziba madirisha. Ukiamka, toka nje mara moja kabla jua halijazama, hata dakika kumi na tano na hata kukiwa na mawingu. Siku za mapumziko toka kila asubuhi. Taa maalumu za laksi 10,000 hutumika nusu saa kwa sonona ya majira ya baridi. Zungumza na daktari kwanza kama una tatizo la macho au la hisia kupanda na kushuka.

Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitengenezi vitamini D ya kutosha. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inapendekeza mikrogramu 10 kila siku kipindi hicho, na kwa wenye ngozi nyeusi au wasiotoka nje, wafikirie mwaka mzima. Hilo ni lako na ni la wazee unaowalea.

## Hali za pekee

Hawezi kutoka kitandani kabisa.

Geuza kitanda, si mgonjwa. Kichwa kiwe upande ambao macho yataangukia dirisha au mlango wa uani. Ikiwezekana mhamishie chumba cha mbele, kilicho karibu na baraza, hata kama ni sebule na wageni watalalamika. Watu wawili wenye nguvu na godoro wanaweza kumtoa uani mara mbili kwa wiki; mgeuze kila baada ya saa mbili huko pia, kwa sababu ya vidonda vya kulalia.

Tunakaa ghorofani, lifti haifanyi kazi.

Varanda. Kama imejaa madumu na baiskeli ya mtoto, viondoe. Kama hakuna varanda, dirisha la upande wa mashariki lifunguliwe kioo na kiti kiwekwe pale kuanzia saa moja.

Mzee wetu ana ualbino.

Kwake ngozi inakuja kwanza. Mwanga wa macho aupate kivulini, kabla ya saa mbili na nusu, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na miwani, maana macho yake huumizwa na mwanga. Vitamini D aipate kwenye chakula au vidonge. Muulizie mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda kisichopona kwa mwezi, hata kidogo, kionwe na daktari wa ngozi.

Ramadhani je?

Aliyefunga atoke asubuhi tu, baada ya kupumzika kutokana na daku, na asikae kwenye joto. Mgonjwa na mzee asiyeweza wana ruhusa yao na fidia yao. Mwambieni shehe amweleze yeye mwenyewe, kwa sababu kwa mtoto wake hatakubali.

Majirani watasema namwanika mama yangu juani kama dagaa.

Watasema wiki ya kwanza. Mvishe vizuri, kanga safi, mafuta usoni, kiti kizuri, kikombe cha chai. Anayepita atalazimika kusimama na kusema shikamoo, na bibi ataitikia marahaba mara ishirini kabla ya saa tatu. Nimeona wazee ambao sauti ilikuwa imeshapotea chumbani ikarudi kwa kuitikia marahaba.

Anakataa kutoka. Nimlazimishe?

Hapana. Uliza kwanza kwa nini. Mara nyingi ni aibu ya kuonekana amepooza, au nepi, au meno. Wakati mwingine ni baridi ya asubuhi, na khanga ya pili inatosha. Kama hataki chochote kwa wiki kadhaa, halafu hali chakula vizuri na hasemi, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika; mpeleke.

Kwa wengine, tatizo ni kwamba tumewaita nje kukaa tu. Bibi yule wa Magomeni alikataa siku nne. Siku ya tano binti alitoka na ungo wa mchele, akakaa barazani, akaanza kuchambua vibaya makusudi, mawe anayaacha. Bibi alikuwa anamwona kupitia mlangoni. Akavumilia kidogo, kisha akaita: "Lete huo ungo hapa." Binti akasema, "Huko giza, mama, sioni." Akatoka mwenyewe, ameshika ukuta.